Macho Yanapodhoofika, Utumbo Nao Uulizwe

Mtoto anayeanza kujikwaa jua linapozama, ilhali mchana huonekana mzima kabisa, katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki huchukuliwa kuwa amepungukiwa vitamini A. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Hupewa matone, mama hushauriwa amzidishie mchicha, maembe na viazi lishe, na baada ya siku mbili tatu mtoto huona tena gizani. Lakini yupo mtoto mwingine. Huyu hupewa matone yale yale na kulishwa mboga zile zile, kisha baada ya miezi kadhaa tatizo likarudi. Au anatoka katika nyumba isiyokosa maziwa, mayai wala samaki, na bado weupe wa jicho lake umekauka na kuota madoa yenye povu. Kwa mtoto huyu, kuuliza anakula nini hakutoshi. Inabidi tuulize pia ni kiasi gani cha anachokula kinafika kwenye damu. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba ugonjwa wa jicho usiolingana na sahani ya mtoto ni sababu tosha ya kuuchunguza utumbo wake, na kwamba katika uchunguzi huo ugonjwa wa siliaki usirukwe kwa dhana kwamba ni maradhi ya watu wa mbali.

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia utumbo mwembamba kwa sababu ya gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Hautokani na vijidudu, hauambukizi, wala si ule mzio wa chakula unaovimbisha midomo papo hapo. Anayeupata sharti kwanza awe na urithi fulani: karibu wagonjwa wote hubeba jeni ziitwazo DQ2 au DQ8. Jeni hizo peke yake hazimfanyi mtu mgonjwa, maana wanaozibeba ni wengi na wanaougua ni wachache kati yao. Kwa hao wachache, kila kipande cha mkate au chapati huchochea shambulio la taratibu kwenye ukuta wa utumbo. Ukuta huo kwa kawaida umejaa vijinyweleo vinavyoonekana kwa hadubini tu, na kazi yao ni kuongeza eneo la kufyonza chakula. Katika siliaki vijinyweleo hivyo hulika na kufupika hadi ukuta ukawa karibu bapa. Chakula hupita, lakini sehemu kubwa ya faida yake hutoka na choo.

Kisa cha kugunduliwa kwa chanzo chake kinatusogeza karibu na macho kuliko mtu anavyoweza kudhani. Willem Karel Dicke alikuwa daktari wa watoto mjini The Hague, Uholanzi, na tangu miaka ya 1930 alikuwa akishuku ngano. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita, Waholanzi walikumbwa na njaa kali na mkate ukaadimika. Watoto wenye siliaki, ambao kwa mantiki ya kawaida wangedhoofu zaidi, walipata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Dicke aliyaandika matokeo yake katika tasnifu aliyoiwasilisha Utrecht mwaka 1950, na yeye pamoja na mwanakemia van de Kamer na daktari Weijers wakayathibitisha kwa kipimo kimoja kisichopendeza lakini chenye ukweli mwingi: walipima mafuta katika kinyesi cha watoto. Mtoto aliyekula ngano alipoteza mafuta mengi chooni. Ilipoondolewa ngano, mafuta yakabaki mwilini. Hapo ndipo jicho linapoingia, kwa sababu vitamini A haisafiri katika maji. Husafiri na mafuta, hufyonzwa pamoja nayo, na mafuta yakitoka nayo hutoka.

Tuitazame safari hiyo kwa karibu, kwa kuwa ndiyo kiini cha hoja yote. Vitamini A hutufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile iliyokwisha kukamilika, inayopatikana katika maini, mayai, maziwa na samaki. Ya pili ni malighafi tu, karotini ya mimea yenye rangi: mchicha, majani ya kunde, karoti, papai, maembe, viazi lishe, na mawese ambayo kutoka Kigoma hadi Kongo huipa mboga rangi yake. Watoto wengi wa kwetu hutegemea hii ya pili. Na mahali ambapo sehemu kubwa ya karotini hubadilishwa kuwa vitamini A ni ndani ya seli za ukuta wa utumbo mwembamba wenyewe, zile zile zinazoshambuliwa katika siliaki. Kwa hiyo mtoto huyu hupata hasara mara mbili: ufyonzaji wa mafuta umeharibika, na palipokuwa karakana ya kugeuza karotini pamebomolewa. Mama aliyeambiwa aongeze mchicha akauongeza kwa uaminifu, kisha mtoto asipone, hakukosea lolote. Alitii ushauri ambao mwili wa mwanawe haukuwa na uwezo wa kuutumia.

Ikishafyonzwa, vitamini A huwekwa akiba kwenye ini. Akiba hiyo hutosha kwa miezi, ndiyo maana dalili za jicho huchelewa, na zinapotokea huwa ushahidi kwamba ghala limekuwa likipungua kwa muda mrefu. Ya kwanza ni kutoona katika mwanga hafifu. Seli za retina zinazotuwezesha kuona magharibi na usiku hutumia rangi iitwayo rodopsini, na rodopsini hutengenezwa kwa vitamini A. Ikikosekana, mchana mtoto hucheza kama wenzake, jioni huketi mahali pamoja, hushika ukuta, hugoma kwenda uani. Mtoto mdogo hawezi kusema kwamba haoni, kwa sababu hajui wengine wanaona nini. Huonekana mwoga au mkaidi tu. Baadaye utando wa jicho hukauka, na pembeni mwa mboni yakatokea madoa meupe yenye povu yaliyopewa jina la daktari Mfaransa Bitot, aliyeyaeleza mwaka 1863. Hatua ya mwisho ni konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kulainika na kutoboka. Hilo huweza kutokea kwa siku chache, hasa mtoto akishikwa na surua au kuhara, na jicho lililofika hapo mara nyingi limekwisha potea. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa kati ya watoto 250,000 na 500,000 wenye upungufu huu hupofuka kila mwaka, na nusu yao hufariki ndani ya miezi 12. Uhusiano huo wa jicho na uhai ulidhihirishwa na tafiti za Alfred Sommer na wenzake nchini Indonesia katika miaka ya 1970 na 1980: watoto wenye ugonjwa huu wa macho, hata wa kiwango kidogo, walikuwa wakifa zaidi kuliko wenzao.

Idadi kubwa ya watoto hao chanzo chao ni lishe duni na maradhi ya kawaida ya utotoni, na siliaki ni sehemu ndogo tu. Sisemi vinginevyo. Lakini taarifa za kitabibu kutoka nchi mbalimbali zimeeleza watoto ambao kutoona usiku, ukavu wa macho au madoa ya Bitot ndiyo yaliyokuwa mlango wa kugundua siliaki, na wengine kati yao hawakuwa na historia ya kuharisha iliyowashtua wazazi. Hili la kutoharisha linahitaji mkazo. Picha tuliyoizoea ya mtoto mwenye siliaki ni ya mtoto aliyekonda, tumbo limevimba, choo kingi chenye mafuta kinachonuka vibaya. Yupo huyo. Yupo pia asiyeharisha kabisa, ambaye alama zake ni kimo kilichosimama kwenye kadi ya kliniki, upungufu wa damu usiosikia dawa ya madini ya chuma, vidonda vya mdomo vinavyojirudia, meno yenye mabaka, au kufunga choo. Mhudumu wa macho aliyezoea kutazama jicho peke yake hataziona alama hizi, na mhudumu wa kliniki ya watoto anayepima uzito hatauliza habari za kuona magharibi. Mtoto hupotelea katikati ya milango miwili.

Vitamini A siyo njia pekee ambayo siliaki hulifikia jicho, ingawa ndiyo iliyothibitika kuliko zote. Mtoto asiyefyonza mafuta hupungukiwa pia vitamini D, na vitamini D ikipungua kalsiamu ya damu hushuka. Kalsiamu ikikaa chini kwa muda mrefu, lenzi ya jicho huweza kuingia ukungu, yaani mtoto wa jicho, maradhi tunayoyahusisha na wazee. Nchini Sweden, ambako majibu ya vipimo vya utumbo huhifadhiwa kitaifa, watafiti waliwafuatilia zaidi ya watu 28,000 wenye siliaki na kuwalinganisha na watu wengine. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011, uwezekano wa kupata mtoto wa jicho ulikuwa juu kwa takriban 28%. Mwaka 2012 wakaripoti kuwa uwezekano wa kupata uveitisi, uvimbe wa tabaka la ndani ya jicho unaoleta wekundu, maumivu na kutoweza kustahimili mwanga, ulikuwa juu kwa takriban 32%. Takwimu kama hizi hutisha zisipofafanuliwa. Chukua mfano wa kufikirika: ikiwa katika watu 1,000 wasio na siliaki 10 wangepata tatizo fulani, ongezeko la 30% lina maana ya watu 13. Wengi mno wa wenye siliaki hawatapata kamwe. Isitoshe, tafiti hizo zilihusu watu wa umri wote, na mtoto wa jicho wa mtu wa miaka 60 hawezi kutueleza moja kwa moja habari za mtoto wa miaka 6. Ninazitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba uhusiano wa utumbo huu na jicho haukubuniwa kutokana na visa viwili vitatu vya ajabu.

Tatizo lililo la nadra zaidi, na ambalo binafsi naliona kuwa zito kwa mazingira yetu, halimo ndani ya jicho hata kidogo. Limo nyuma ya kichwa. Sehemu ya ubongo inayotafsiri tunachokiona iko kisogoni, na mwaka 1992 Giuseppe Gobbi na wenzake wa Italia walieleza katika jarida la Lancet kundi la wagonjwa waliokuwa na mambo matatu kwa pamoja: siliaki, kifafa, na chembe za kalsiamu zilizoganda pande zote mbili za kisogo cha ubongo. Wagonjwa wengi waliofuata kuripotiwa walitoka Italia, Hispania na Argentina. Kwa watoto hawa kifafa huweza kuanza kwa njia ya kuona: duara za rangi mbele ya macho, mwanga unaometameta, au giza la ghafla linalodumu muda mfupi kisha likaondoka. Mtoto wa namna hii hupelekwa kupimwa miwani, na macho yake yakakutwa mazima. Mwingine huambiwa ana kipandauso. Mwingine, akianza kuanguka, familia huamini amepagawa. Upungufu wa foleti, vitamini nyingine inayofyonzwa na utumbo huo huo, umetajwa kama sababu mojawapo ya kuganda huko, ingawa jambo hilo halijafungwa. Lishe isiyo na gluteni, hasa ikianzwa mapema, imewasaidia baadhi yao kupunguza degedege.

Kwa nini nasema ni zito kwetu? Kwa sababu katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki, picha ya CT ya mtoto mwenye kifafa ikionyesha chembe za kalsiamu kwenye ubongo, jambo la kwanza kufikiriwa ni tegu wa nguruwe. Ni wazo sahihi kuwa la kwanza. Tegu ni chanzo kikubwa cha kifafa katika sehemu zinazofuga nguruwe huria. Lakini mtoto ambaye chembe zake zimekaa kwa ulinganifu pande mbili za kisogo, ambaye hana historia ya mazingira hayo, na ambaye amedumaa na kupungukiwa damu, anastahili swali la pili. Kipimo cha damu cha siliaki kwake kitaongeza gharama kidogo tu juu ya gharama ya picha yenyewe.

Yapo mengine ambayo ushahidi wake ni mwembamba, na nitayapitia kwa haraka. Vimeripotiwa visa vichache vya watoto wenye siliaki walioongezekewa na shinikizo la maji yanayouzunguka ubongo, hata neva ya macho ikavimba na kuleta kichwa kuuma, kuona vitu viwili viwili au kufifia. Visa hivyo ni vichache mno kujengea kanuni. Kuhusu ukavu wa macho, watafiti nchini Uturuki walipowapima watoto wenye siliaki na wenzao wasio nayo waliona kuwa machozi ya wenye siliaki yalikuwa haba na tabaka lenye mishipa ya damu nyuma ya retina lilikuwa jembamba zaidi. Tofauti hizo zilionekana kwa mashine, na mtoto mwenyewe huenda asilalamike kitu. Ila kuhusu shinikizo la ubongo nina onyo moja la lazima: vitamini A ikizidi nayo huongeza shinikizo hilo. Mzazi aliyesoma hadi hapa akaamua kununua vidonge na kumpa mtoto kila siku atakuwa amebadilisha hatari moja kwa nyingine. Dozi za vitamini A zina ratiba yake. Za kinga ni yuniti 100,000 mara moja kati ya miezi 6 na 11, kisha yuniti 200,000 kila baada ya miezi 4 hadi 6 mpaka afikishe miaka 5. Za tiba ya macho yaliyokwisha kuugua hutolewa na mhudumu wa afya siku ya kwanza, siku ya pili na baada ya wiki mbili, kwa kiwango cha umri.

Pingamizi la kwanza nalisikia kabla halijasemwa: siliaki ni ugonjwa wa Wazungu. Wazo hilo lilikuwa na mantiki zamani, wakati vipimo vilifanyika hasa Ulaya, na mahali pasipopimwa hapana mgonjwa. Mwaka 1999 Carlo Catassi na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 990 wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi waliokimbilia kambi za Algeria, wakakuta siliaki kwa 5.6% yao. Kiwango cha kawaida Ulaya ni karibu 1%. Hao ni Waafrika, na kiwango chao kilikuwa kikubwa kuliko kilichopata kuonekana popote. Katika Ghuba, ambako wapo wasemaji wengi wa Kiswahili hasa Oman, ngano ni chakula cha kila siku, na uchunguzi wa wanafunzi nchini Saudi Arabia ulikuta karibu 1.5%. Mfano unaonifaa kuliko yote ni wa India. Watafiti waliopima mikoa mbalimbali walikuta siliaki kwa 1.23% kaskazini, ambako watu hula ngano kwa wingi, na kwa 0.10% tu kusini, ambako hula mchele, ilhali watu wenye jeni za hatari walikuwa zaidi ya theluthi moja katika pande zote mbili.

Mpinzani wangu anaweza kuutumia mfano huo huo dhidi yangu, tena kwa haki. Atasema: ikiwa ngano ndiyo inayoamua, basi sisi tunaokula ugali wa mahindi, mtama, ndizi na muhogo tuko upande wa kusini mwa India, na ugonjwa huu kwetu utabaki nadra. Nakubali kwamba kijijini ambako chapati ni chakula cha sikukuu, ndivyo inavyotarajiwa. Lakini tuangalie mtoto wa mjini anachokula: asubuhi mkate au mahamri, shuleni andazi na biskuti, jioni chapati au tambi. Huyo ameshahamia kaskazini bila kusafiri. Na watoto wa familia za Kiswahili wanaokulia Muscat, London au Minneapolis wako huko tangu walipozaliwa. Sihitaji kuthibitisha kwamba siliaki imejaa Dar es Salaam au Nairobi. Inatosha kwamba hatuna msingi wa kusema haipo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kwa nini mfumo wa afya wenye mahitaji mengi uhangaike na ugonjwa nadra, wakati upungufu wa kawaida wa vitamini A, surua na minyoo bado vinaumiza macho ya watoto? Tanzania yenyewe ina historia chungu: katika utafiti wa Allen Foster na Alfred Sommer uliochapishwa mwaka 1987, vidonda vya konea vya watoto vilihusishwa na surua, ukosefu wa vitamini A na dawa za kienyeji za kutia machoni. Chanjo na matone vimeokoa macho mengi tangu hapo, na sitaki shilingi moja itolewe kwenye kazi hiyo. Ninachopendekeza hakishindani nayo. Kila mtoto mwenye dalili za macho apewe vitamini A siku hiyo hiyo, bila kusubiri kipimo chochote, kwa sababu konea haingoji. Swali la utumbo liwe la mtoto ambaye tatizo limemrudia baada ya tiba kamili, au ambaye lishe yake haielezi kwa nini aliugua, au ambaye macho yake yameambatana na kudumaa na damu pungufu isiyopanda. Kundi hilo ni dogo. Wala siliaki siyo itakayopatikana peke yake humo: kimelea cha giadia kilichokaa utumboni muda mrefu, maradhi ya ini yanayozuia nyongo, na magonjwa mengine ya ufyonzaji yatajitokeza kwa swali hilo hilo, na kila moja lina tiba yake. Hata akitokea kutokuwa na siliaki, mtoto atakuwa amenufaika kwa kuulizwa.

Kuna daktari atakayesema kwamba kipimo chenyewe kinatatiza, na anachosema ni kweli kwa sehemu. Watoto wengi wanaoishi penye maji machafu na vyoo vibaya wana vijinyweleo vilivyofupika hata bila siliaki, kutokana na maambukizi ya kila mara ya utumbo. Kipande cha utumbo kikitazamwa peke yake kwenye hadubini kinaweza kupotosha. Hapo ndipo kipimo cha damu kinapokuwa na thamani. Tangu 1997 inajulikana kwamba kinga ya mwenye siliaki hulenga kimeng'enya kiitwacho transglutaminesi ya tishu, na kingamwili dhidi yake za aina ya IgA hupimika. Mwongozo wa madaktari wa utumbo wa watoto wa Ulaya wa mwaka 2020 unakubali hata kuthibitisha ugonjwa bila kukata kipande cha utumbo, iwapo kingamwili hizo ni mara 10 au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida na kipimo cha pili cha damu kikaafiki. Pamoja nacho hupimwa IgA yote ya mwili, maana kuna watoto wasioitengeneza, na kwao jibu la "hana" huwa la uongo. Kipimo hiki hakipatikani kwenye zahanati. Hospitali kubwa za rufaa na maabara za miji mikubwa huweza kukifanya au kukituma, na kwa kundi dogo nililolitaja hilo ni jambo linalowezekana.

Sharti moja la kipimo hicho huvunjwa kwa nia njema kila siku: mtoto asiondolewe ngano kabla ya kupimwa. Mzazi akiiondoa kwanza, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na kipimo hakitasema kitu. Hapo inabidi mtoto arudishiwe ngano kwa wiki kadhaa ili apimwe, akiugua upya, au abaki na lishe ya maisha yote isiyo na uthibitisho. Hili linanipeleka kwenye hofu ya wale wanaoona kwamba makala kama haya huwafundisha watu kuichukia ngano. Kwa mtoto asiye na siliaki wala mzio wa ngano, ngano ni chakula kizuri. Unga wa viwandani nchini Kenya na Tanzania huongezwa madini ya chuma, zinki na asidi ya foliki, na mtoto anayenyimwa bila sababu hunyimwa na hivyo pia.

Kwa aliyethibitishwa, mambo hugeuka. Lishe isiyo na gluteni ndiyo tiba, ya maisha yote, na hapa kwetu ina unafuu ambao familia ya Ulaya ingeutamani. Ugali wa mahindi au mtama, wali, ulezi, muhogo, ndizi, viazi, maharage na kunde vyote havina gluteni kwa asili yake. Taabu iko kwenye vitu vinavyoonekana salama. Uji wa lishe unaouzwa kwa ajili ya watoto mara nyingi huchanganywa ngano pamoja na mahindi, ulezi, soya na karanga, na ndio huo huo mama anayeambiwa mwanawe amekonda huukimbilia. Mashine ya kusaga ya mtaani ikitoka kusaga ngano, unga wa mtama unaofuata hutoka na ngano ndani yake. Familia italazimika kusaga kwa mtu asiyesaga ngano, au kutwanga na kusaga nyumbani. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi yasikaangie mihogo ya mtoto huyu. Bibi na mashangazi waelezwe mapema na kwa upole, kwa kuwa kipande cha kaimati kinachotolewa kwa mapenzi wakati wa Ramadhani nacho huuchokoza utumbo.

Macho nayo yafuatiliwe kwa muda wake. Kuona usiku hurudi haraka baada ya vitamini A, pengine ndani ya siku moja au mbili, na haraka hiyo huwadanganya wazazi wakadhani kila kitu kimekwisha, ilhali utumbo huchukua miezi na kwa wengine zaidi ya mwaka kupona. Katika kipindi hicho dozi za kumeza huenda zisifyonzwe ipasavyo, na daktari anaweza kuamua kutumia sindano. Lenzi iliyoingia ukungu haisafishwi na lishe. Inahitaji upasuaji, na kwa mtoto mdogo upasuaji uliocheleweshwa huacha jicho lisilojifunza kuona. Uveitisi huhitaji dawa za daktari wa macho, na jicho jekundu lenye kuumia mwanga lisitiwe matone ya kununua dukani. Kwa hiyo mtoto aliyegunduliwa siliaki apimwe macho mara moja mwanzoni hata asipolalamika, na arudishwe upesi likitokea lolote la kuona. Ndugu zake wa tumbo moja na wazazi wake wapimwe damu pia, wakiwa bado wanakula ngano: ugonjwa huu hujirudia katika familia, na kati ya jamaa wa karibu wa mgonjwa kwa kawaida hupatikana kati ya 5% na 10% wenye siliaki, wengi wao wakiwa hawajawahi kuhisi kwamba wana tatizo.